Kabla ya Kujitoa Katika Mpango wa Kulipa Deni: Fahamu Deni Lipi Linadaiwa Kisheria

Na Mwandishi Wetu, Karatu

Mwananchi aliyekubali kulipa deni kwa awamu hapotezi haki ya kuuliza iwapo deni hilo ni halali, iwapo hesabu yake ni sahihi na iwapo anayemdai ana mamlaka ya kisheria ya kumkopesha. Hata hivyo, haki hiyo ina utaratibu wake. Anayeacha kulipa kimya kimya, akazima simu na kukwepa hati ya wito ya mahakama, anaweza kujikuta amefungwa na hukumu kwa deni ambalo angeweza kulipinga.

Suala hili linagusa maisha ya kila siku katika Wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha. Mkulima wa vitunguu katika Bonde la Eyasi hukopa kabla ya msimu ili anunue mbegu, mbolea na mafuta ya kuendesha pampu ya maji. Mwendesha bodaboda wa Karatu mjini, muuza duka wa Rhotia na mhudumu wa hoteli anayetegemea watalii wanaoelekea lango la Lodoare hukopa ili kuziba pengo la miezi ambayo wageni ni wachache. Mfugaji wa Ngorongoro hukopa wakati wa kiangazi, bei ya mifugo inapokuwa chini, akitarajia kulipa mvua zitakaporudi. Mapato ya makundi haya huja kwa msimu, ilhali marejesho ya mikopo mingi hudaiwa kila wiki au kila mwezi. Pengo hilo ndilo linalofungua mlango wa mikopo ambayo wananchi wameipa jina la "kausha damu".

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mkopaji anapaswa kuyapima kabla ya kujitoa katika mpango wa kulipa deni, pamoja na hatua za kufuata ili ahoji deni bila kujiweka hatarini.

Mfano wa deni lililokua

Tuchukue mfano wa mkulima wa Mang'ola aliyekopa shilingi 1,000,000 kwa mtu binafsi, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Vitunguu vikajaa sokoni kwa wakati mmoja, bei ikaanguka, na kwa miezi minne hakulipa chochote. Mkopeshaji akamwandikia mkataba mpya: riba ya miezi minne, yaani shilingi 800,000, ikajumlishwa na deni la msingi, likawa shilingi 1,800,000, na mkulima akatakiwa kulipa shilingi 180,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Baada ya kulipa kwa miezi minne, jumla ya shilingi 720,000, anaambiwa kwamba bado anadaiwa shilingi 1,080,000.

Sasa tupige hesabu hiyo kwa ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa watoa huduma ndogo za fedha wa Daraja la Pili, ambao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba ya mwezi mmoja kwa mkopo wa shilingi 1,000,000 ni shilingi 35,000. Hata tukihesabu kwa namna inayompendelea mkopeshaji, yaani tuchukulie kwamba deni la msingi halikupungua kwa miezi yote minane, riba yote ni shilingi 280,000 na deni zima ni shilingi 1,280,000. Ukiondoa shilingi 720,000 alizokwishalipa, zinabaki shilingi 560,000. Hiki ni takribani nusu ya kiasi anachodaiwa.

Tofauti hiyo ya shilingi 520,000 inaweza kuwa ada na sare za watoto shuleni au mbegu za msimu unaofuata. Kwa familia nyingi, ndiyo inayoamua kama shamba litalimwa au litauzwa. Ndiyo maana mkopaji hapaswi kuamua kuendelea au kujitoa kabla ya kuiona hesabu kwa macho yake.

Jambo la kwanza: Nani alikukopesha?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la Kwanza ni taasisi zinazopokea amana za wateja. Daraja la Pili ni zile zisizopokea amana, zikiwemo kampuni za mikopo, wakopeshaji binafsi na wakopeshaji wa kidijitali. Daraja la Tatu ni Vyama vya Ushirika wa Akiba na Mikopo, maarufu kama SACCOS, na Daraja la Nne ni vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, vikiwemo vile ambavyo wananchi huviita VICOBA.

Mgawanyo huu una maana kwa mkopaji, kwa kuwa ndio unaomwonesha mahali pa kupeleka malalamiko. Madaraja mawili ya kwanza yanasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. SACCOS zinasimamiwa kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania, na vikundi vya kijamii husajiliwa na kusimamiwa kupitia Mamlaka za Serikali za Mitaa, ambazo kwa wilaya hizi mbili ni Halmashauri ya Wilaya ya Karatu na Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro.

Mkopeshaji wa Daraja la Pili anapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na orodha ya wenye leseni hupatikana katika tovuti ya Benki hiyo. Leseni ya biashara ya kawaida haitoshi. Vilevile, muhuri wa kijiji au saini ya mwenyekiti wa kitongoji kwenye mkataba huthibitisha tu kwamba kiongozi alishuhudia makubaliano; haumpi mkopeshaji kibali cha kukopesha kwa riba.

Wakopeshaji wa mtandaoni nao wamo ndani ya sheria hiyo. Mwezi Agosti 2024, Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikitoa mikopo bila leseni. Mwananchi aliyekopa kupitia simu anapaswa kuangalia kama jina la programu aliyoitumia limo katika orodha ya wenye leseni.

Jambo la pili: Je, deni lisilo halali linafutika?

Hapa ndipo wananchi wengi hupotoshwa. Wapo wanaoambiwa mitaani kwamba mkopeshaji asiye na leseni hana haki ya kudai hata senti moja. Kauli hiyo si ya kutegemewa.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka mkataba uwe na ridhaa huru ya pande zote, ufanywe na watu wenye uwezo kisheria wa kuingia mikataba, na uwe na lengo halali. Ridhaa iliyopatikana kwa vitisho, ulaghai au shinikizo lisilo la haki humpa aliyeonewa nafasi ya kuomba mkataba utenguliwe, na mkataba wenye lengo lililokatazwa na sheria ni batili. Kwa msingi huo, mkopaji anaweza kuiomba mahakama iamue kwamba riba inayodaiwa haitekelezeki.

Lakini sheria hiyohiyo inaeleza kwamba mtu aliyenufaika na makubaliano ambayo baadaye yamebainika kuwa batili anaweza kutakiwa kurudisha alichopokea. Kwa lugha nyepesi, mkopaji aliyepokea shilingi 1,000,000 asitarajie kwamba fedha hiyo itageuka kuwa zawadi. Anachoweza kukipinga kwa nguvu zaidi ni riba iliyopindukia, tozo ambazo hakuelezwa na dhamana iliyochukuliwa kinyume cha taratibu. Uamuzi wa mwisho kuhusu kila mkataba hutolewa na mahakama, kwa kuangalia ushahidi wa pande zote mbili.

Jambo la tatu: Deni lina umri gani?

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, imeweka muda wa miaka 6 wa kufungua shauri la madai yanayotokana na mkataba wa kawaida. Muda huo huanza kuhesabiwa tangu siku haki ya kudai ilipoanza, ambayo kwa kawaida ni siku mkopaji aliposhindwa kulipa kama mkataba ulivyotaka. Shauri lililofunguliwa nje ya muda hutupwa na mahakama hata kama mdaiwa hakuibua hoja hiyo. Madai yanayohusu ardhi iliyowekwa rehani yana muda wake tofauti, ambao ni mrefu zaidi.

Mkopaji anapaswa kuwa makini na jambo moja. Kukiri deni kwa maandishi yenye saini yako, au kulipa sehemu yake, kabla muda haujaisha, kunaweza kuufanya muda uanze kuhesabiwa upya. Kwa hiyo, anayefuatwa kuhusu deni la miaka mingi na kuombwa "asaini tu mpango mdogo wa kulipa kidogo kidogo" aombe kwanza nafasi ya kupata ushauri wa kisheria. Saini hiyo moja inaweza kubadilisha hali yake yote.

Jambo la nne: Dhamana ilichukuliwaje?

Katika Wilaya ya Karatu, dhamana inayoombwa mara nyingi ni shamba, nyumba au pikipiki. Katika Tarafa ya Ngorongoro, ambako ardhi ya hifadhi inasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, mifugo ndiyo mali kuu ya kaya. Kila aina ya dhamana ina masharti yake.

Kwa nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ndoa ya Mwaka 1971 zinataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba hiyo kuwekwa rehani. Mke au mume ambaye hakushirikishwa anaweza kuipinga rehani hiyo mahakamani. Kwa ardhi ya kijiji, kuhamisha haki ya kumiliki kimila kunahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mwananchi ajihadhari na mkataba unaoandikwa kuwa ni wa kuuziana shamba wakati ukweli wake ni mkopo. Akisaini hati ya mauzo, atalazimika baadaye kuthibitisha mahakamani kwamba hakuuza.

Aidha, ardhi iliyowekwa rehani haiuzwi kwa maneno ya siku moja. Mkopaji anapaswa kupewa kwanza notisi ya maandishi inayoeleza kosa lake na kumpa muda wa kulirekebisha, na Sheria ya Madalali inataka mnada wa ardhi utangazwe kwa umma kwa muda usiopungua siku 14 kabla ya mauzo.

Kuhusu mifugo, pikipiki na vyombo vya ndani, mkopeshaji hana ruhusa ya kuingia katika boma au nyumba ya mtu na kuswaga ng'ombe au kubeba mali kwa nguvu. Anayekuja kukamata mali kwa amri ya mahakama ni dalali wa mahakama, naye anapaswa kuonesha amri hiyo. Mwananchi ana haki ya kuomba kuiona, kusoma jina lililoandikwa na kiasi kilichotajwa, na kubaki na orodha ya vilivyochukuliwa.

Hata panapokuwa na hukumu, zipo mali ambazo sheria imezikinga. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inakataza kukamata, pamoja na mali nyingine, mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za kazi za fundi na za mkulima, pamoja na nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Kinga hiyo ya nyumba haipaswi kuchanganywa na nyumba ambayo mkopaji mwenyewe aliiweka rehani kwa kufuata taratibu. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake za utekelezaji wa hukumu, hivyo ni vyema kumuuliza karani wa mahakama au msaidizi wa kisheria.

Kadi ya benki na mshahara

Watumishi na wastaafu wapo wanaoombwa kumkabidhi mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri. Mwananchi asikubali. Namba ya siri ni ya mwenye akaunti peke yake, na anayeitoa hujiweka katika nafasi ya kutolewa fedha bila hesabu wala stakabadhi. Aliyekwishakabidhi kadi anapaswa kufika kwenye benki yake, kuomba kadi hiyo ifungwe na kupewa nyingine, kisha amjulishe mkopeshaji kwa maandishi njia mpya ya kulipa kiasi anachokikubali. Kwa mtumishi wa umma, makato ya mikopo hayapaswi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wake.

Hatua za kufuata kabla ya kujitoa

Mkopaji anayetaka kujitoa katika mpango wa kulipa deni, au kuubadilisha, anashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

1. Omba kwa maandishi nakala ya mkataba wa awali, mkataba mpya na taarifa ya deni inayoonesha fedha iliyotolewa, riba, tozo na marejesho yote. Baki na nakala ya barua yako.

2. Kusanya ushahidi wako. Jumbe za miamala ya simu, stakabadhi, daftari la marejesho na majina ya mashahidi vina uzito mkubwa kuliko kumbukumbu ya kichwani. Tangu sasa, lipa kwa njia inayoacha alama.

3. Hakiki leseni ya mkopeshaji na ulinganishe riba yake na ukomo uliowekwa.

4. Andika barua ukieleza sehemu ya deni unayoikubali na sehemu unayoipinga, na sababu zake. Kabla ya kuituma, pata ushauri, hasa kama deni ni la zamani, kwa kuwa kukiri kwa maandishi kuna madhara yaliyoelezwa hapo juu.

5. Endelea kulipa kiasi usichokipinga, kama uwezo unaruhusu. Mahakama humtazama vizuri zaidi mdaiwa aliyeonesha nia njema, na mdhamini wako hatabaki peke yake mbele ya mkopeshaji. Kumbuka kwamba mkopeshaji anaweza kumdai mdhamini pale wewe unaposhindwa. Kwa upande wake, mdhamini ambaye masharti ya mkopo yalibadilishwa bila ridhaa yake anaweza kuwa na hoja ya kujiondoa katika dhamana.

6. Wasilisha malalamiko kwa mkopeshaji kwanza. Usiporidhika, peleka Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi jijini Arusha. Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa SACCOS. Au Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya Halmashauri kwa vikundi.

7. Ukipokea hati ya wito wa mahakama, hudhuria. Usipofika, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja na hoja zako zote kuhusu riba, leseni na ukomo wa muda zikakosa msemaji. Hata ukishindwa, unaweza kuiomba mahakama ikuruhusu kulipa kwa awamu kulingana na kipato chako.

Vitisho si njia ya kudai

Kushindwa kulipa mkopo, peke yake, ni suala la madai na halimfanyi mkopaji kuwa mhalifu. Jeshi la Polisi si wakala wa kukusanya madeni. Udanganyifu wakati wa kukopa, kwa mfano kutumia hati za kughushi, ni jambo jingine na linaweza kufikishwa kwenye vyombo vya jinai. Vilevile, mkopeshaji anayetumia nguvu, matusi au vitisho anaweza yeye mwenyewe kuripotiwa polisi.

Kwa wanaodaiwa na programu za simu, tabia ya kuwatumia ndugu, waajiri na marafiki ujumbe wa kumdhalilisha mkopaji inagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022. Malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yakiambatanishwa na picha za jumbe zilizotumwa.

Mahali pa kupata msaada

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwasaidia bila malipo wananchi wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Msaidizi wa kisheria anaweza kumsaidia mkopaji kusoma mkataba, kuandika barua na kujiandaa kwa ajili ya mahakama. Taarifa za wasaidizi waliopo katika kata hupatikana kupitia ofisi za Maendeleo ya Jamii za Halmashauri.

Kwa wanaotafuta mtaji, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri hutolewa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo nayo ni deni na inapaswa kurejeshwa ili vikundi vingine vinufaike.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sheria inakubaliana na wahenga, ila inamtaka anayedai athibitishe kwanza anachodai. Mkulima wa Mang'ola katika mfano wetu bado ana deni la kulipa. Akiwa na mkataba wake, jumbe za miamala yake na hesabu aliyoifanya mwenyewe, anaweza kwenda kwa mkopeshaji, au mbele ya hakimu, akijua ni shilingi ngapi anakubali kulipa na ni zipi anazozipinga.